Kamera ya filamu ikikugomea: dalili, visababishi na mpaka wa kumwita fundi

Kamera za filamu zinazopita mikononi mwa vijana wa Kisumu, Kakamega na Nakuru aghalabu ni za urithi. Zilikuwa za baba, za mjomba, au za studio iliyofungwa kamera za kidijitali zilipoingia, na zimekaa kabatini miaka mingi bila kijitabu cha maelekezo. Anayeipokea amelelewa na simu, ambayo huamua kila kitu yenyewe, na sasa ameshika chombo kisichoamua lolote mpaka kiambiwe. Maelezo haya yamejengwa juu ya malalamiko yanayojirudia kutoka kwa watu wa namna hiyo, na sehemu kubwa ya malalamiko hayo haitokani na kamera iliyovunjika, bali na kidhibiti kimoja kilichoachwa mahali pasipofaa. Kwa sababu hiyo, chini ya kila dalili nimeanza na kisababishi kinachoonekana mara nyingi zaidi na ukaguzi usiohitaji bisibisi, kisha nikaendelea na vile ambavyo ni nadra na vigumu.

Kabla ya lolote, shika sharti moja: usitumie nguvu. Kamera ya kimakanika hukataa kwa sababu, na mkono unaokwama kwa kawaida unazuiwa na kitu ambacho kidole kimoja kingekiondoa. Meno ya ndani ni madogo sana, na likikatika moja, kamera iliyokuwa na tatizo la dakika tano inakuwa kazi ya meza ya fundi kwa wiki kadhaa. Ni vyema pia utafute filamu moja iliyokwisha muda wake, uifanye ya mazoezi tu, ili uipakie na kuirudisha mara nyingi mlango wa nyuma ukiwa wazi na uone kila kidhibiti kinafanya nini.

Kitufe hakibonyezeki, au kinabonyezeka na shata haisikiki

Kisababishi cha kwanza ni filamu ambayo haikuvutwa mpaka mwisho. Katika kamera nyingi mkono wa kuvuta filamu ndio unaokaza shata, yaani kilango kinachofunguka kwa muda mfupi kupitisha mwanga hadi kwenye filamu, na ukiuachia ukiwa umefika robo tatu ya safari yake, kitufe hubaki kimefungwa. Usukume tena taratibu mpaka ukome wenyewe, kisha ujaribu.

Kisababishi cha pili ni kufuli. Nikon FM2 hufunga kitufe chake mkono wa kuvuta unapolazwa kabisa ubavuni mwa kamera. Ni lazima uutoe nje kidogo, na hapo ndipo mita ya mwanga pia inapoamka. Mtu aliyezoea Pentax K1000, ambayo haina kufuli ya namna hiyo, huweza kuishika FM2 nzima kabisa na kuamini imekufa. Canon AE-1 nayo ina kiwashio karibu na mkono wa kuvuta, na kikiwa kwenye herufi L kitufe hakifanyi kazi.

Kisababishi cha tatu ni betri, na hapa ni lazima ujue kamera yako iko kundi gani. K1000, FM2 na Zenit-E hufyatua shata bila betri yoyote. Zenit-E haina hata mahali pa kuiweka, kwa kuwa mita yake hupata umeme kutoka kwenye seleniamu inayopigwa na mwanga. AE-1, iliyoingia sokoni mwaka 1976, ni tofauti: shata yake huendeshwa kwa umeme, na bila betri ya volti 6 aina ya 4LR44 haitafanya lolote. K1000 na FM2 hutumia betri ndogo za LR44 kwa ajili ya mita pekee, ile ya kwanza moja na ya pili mbili, na betri hizo hupatikana kwa mafundi wa saa karibu kila mji. Ile ya volti 6 ni adimu zaidi, kwa hiyo ukiipata nunua mbili.

Kisababishi cha nne kinawahusu wenye Olympus Trip 35, kamera iliyotengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984. Kamera hii ikiwa kwenye alama ya A na mwanga ukiwa hafifu, huinua kibao chekundu ndani ya kidirisha na kukataa kupiga. Hiyo si hitilafu. Inakukinga usipoteze filamu. Hata hivyo, kibao hicho kikitokea nje saa sita mchana, seli ya mwanga iliyozunguka lenzi imechoka. Jaribio lake ni rahisi: funika lenzi kwa kiganja ubonyeze, na kibao kinapaswa kuonekana, elekeza kwenye ukuta unaopigwa na jua ubonyeze, na kisionekane.

Acha hapo na umtafute fundi endapo kioo cha ndani kimebaki juu na kidirisha kimekuwa cheusi hata baada ya kubadilisha betri, au endapo kitufe kimezama na hakirudi. Nawasihi sana wasomaji wasipulize mafuta ya cherehani wala mafuta ya kulegeza kutu ndani ya kamera. Mafuta hayo hutambaa hadi kwenye mapazia ya shata na kwenye kioo, na kuyaondoa ni kazi kubwa kuliko hitilafu yenyewe.

Mkono wa kuvuta filamu umekwama katikati

Mara nyingi filamu imekwisha. Tazama kihesabio: kikiwa karibu na 24 au 36, kulingana na filamu uliyonunua, usivute tena. Kumbuka kwamba kihesabio cha Zenit-E hakirudi sifuri chenyewe. Hurudishwa kwa kidole wakati wa kupakia, na aliyesahau atasoma namba ya uongo. Filamu ikiisha, bonyeza kitufe cha kuiachia, ambacho katika kamera nyingi kiko chini ya kamera, kunjua mkono mdogo wa kirungu cha kurudishia, na uzungushe kufuata mshale. Utahisi ukinzani mwepesi kwa muda, kisha mvuto mkali kidogo wakati ulimi wa filamu unapochomoka, na baada ya hapo kirungu kitazunguka huru. Ni wakati huo tu ambapo mlango wa nyuma unafunguliwa.

Ikiwa kihesabio kiko mbali na mwisho, yawezekana shata imekazwa tayari na inangoja kupigwa. Fyatua, kisha uvute.

Kisababishi kinachotia hofu ni filamu iliyochanika ndani. Hutokea mtu anapolazimisha picha ya thelathini na saba: vitobo vya pembeni hupasuka, au filamu hung'oka kutoka kwenye mkebe wake, na kirungu cha kurudishia kikazunguka bila ukinzani wowote ilhali filamu yote iko upande wa pili. Usifungue kamera. Ngoja usiku, ingia katika chumba kisicho na dirisha, ziba mwanya wa chini ya mlango kwa blanketi, zima simu na uiache nje, kisha fungua kamera kwa kupapasa, uikunje filamu kwa kuishika kingo, na uitie ndani ya kopo lisilopitisha mwanga. Wengine huwasha taa nyekundu wakiamini haidhuru, kwa kuwa wameiona katika picha za vyumba vya giza vya zamani. Taa hiyo ilifaa kwa karatasi za kuchapishia picha za mweusi na mweupe. Filamu za kawaida huona rangi nyekundu na zitaungua. Mwandikie msafishaji, yaani anayeitia filamu dawa ili picha zitokee, juu ya kopo kwamba filamu iko nje ya mkebe, la sivyo atalifungua mchana kweupe.

Filamu imesafishwa na haina picha hata moja

Hili ndilo lalamiko linaloumiza kuliko yote, kwa sababu huja baada ya harusi au mazishi kwisha na watu kutawanyika. Kabla ya kumlaumu yeyote, iombe negativu yenyewe, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, maana negativu hueleza kilichotokea. Ishike dhidi ya dirisha na utazame kingo zake, pale ambapo kiwanda kiliandika jina la filamu na namba za picha.

Ikiwa katikati ni wazi na maandishi ya kingo yanasomeka vizuri, filamu ilisafishwa sawasawa lakini haikupata mwanga kamwe. Ikiwa hata maandishi ya kingo hayapo, kosa liko kwenye dawa za kusafishia, na hapo kamera yako haina hatia. Ikiwa filamu ni nyeusi kutoka mwanzo hadi mwisho pamoja na kingo zake, mwanga uliingia kwa wingi: mlango ulifunguliwa kabla ya kurudisha filamu, au mkebe uliachwa wazi.

Kwa filamu iliyo wazi yenye maandishi, kisababishi cha mara nyingi ni ulimi wa filamu kutoshika. Mpiga picha alivuta mkono mara thelathini na sita, kihesabio kikahesabu, shata ikalia vizuri, na filamu ikabaki imelala ndani ya mkebe wake. Dawa ya jambo hili ni namna ya kupakia, na inafaa kuelezwa polepole. Kaa kivulini. Inua kirungu cha kurudishia, tia mkebe, kisha kishushe kirungu mpaka kishike. Vuta ulimi hadi ng'ambo na uuingize katika mwanya wa kigurudumu cha kupokelea filamu. Ukiwa bado umeacha mlango wazi, vuta mkono polepole mpaka uone meno ya juu na ya chini yameingia katika vitobo vya pande zote mbili; upande mmoja hautoshi. Funga mlango. Sasa zungusha kirungu cha kurudishia kwa kufuata mshale, taratibu sana, mpaka uhisi filamu imekazika kidogo, na uache hapo. Fyatua na kuvuta mara mbili au tatu hadi kihesabio kifike 1.

Wakati wa kuvuta, kitazame kirungu cha kurudishia badala ya kihesabio. Kila unapovuta mkono, kirungu hicho lazima kizunguke kidogo kurudi nyuma, kwa sababu filamu inayotoka mkebeni ndiyo inayokizungusha. Kisipozunguka, hakuna kinachotembea ndani. Jambo hili dogo linafaa kuwa mazoea ya jicho katika kila picha ya mwanzo wa filamu.

Kisababishi cha pili ni kifuniko cha lenzi. Katika kamera za kioo utakiona mara moja kwa kuwa unatazama kupitia lenzi yenyewe, lakini katika kamera ambazo kidirisha chake kiko kando, kama FED, Zorki na Yashica Electro 35, unaona mandhari yote vizuri hata lenzi ikiwa imefunikwa.

Cha tatu ni shata isiyofunguka. Ikague bila filamu: fungua mlango wa nyuma, elekeza lenzi dirishani, weka kasi kwenye B, ambapo shata hubaki wazi mpaka uachie kitufe, fungua tundu la lenzi linalopitisha mwanga kwa namba ndogo kabisa, ambayo ndiyo tundu kubwa kuliko yote, na ubonyeze bila kuachia. Unapaswa kuona mstatili kamili wa mwanga. Kisha jaribu 1/30, 1/60 na kuendelea, ukitazama kama mwanga unajaza mstatili wote kila mara. Katika 1/1000 utaona mmweko tu. Usielekeze lenzi kwenye jua wala usilitazame jua kupitia kidirisha. Jicho halina kinga. Na usiliguse pazia la shata kwa kidole. Ikiwa pazia halifunguki, au linafunguka nusu, kazi yako imeishia hapo.

Nyuso zimekuwa nyeusi, au picha nzima imepauka

Anza na namba ya ASA, ambayo kamera mpya huiita ISO, nayo huonyesha wepesi wa filamu kupokea mwanga. Gurudumu lake kwa kawaida limejificha ndani ya gurudumu la kasi au chini ya kirungu cha kurudishia, na hubaki lilipoachwa na mwenye kamera wa zamani. Ukipakia filamu ya 400 na gurudumu liko 100, mita itakupa mwanga uliozidi kwa hatua mbili; kila hatua huongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu. Kinyume chake, filamu ya 100 ikisomwa kama 400 itanyimwa mwanga kwa kiasi hichohicho. Filamu za rangi za negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, kwa hiyo ukisita kati ya namba mbili, chagua ndogo. Zenit za zamani huandika pia namba za DIN na GOST, vipimo vya Kijerumani na vya Kisovieti vya jambo hilohilo. ASA 100 ni DIN 21, na GOST 90 iko karibu sana nayo.

Pili, hakikisha unajua pete za lenzi yako. Lenzi ya Helios 44-2, inayokuja na Zenit-E nyingi, ina pete mbili za tundu. Ya kwanza huchagua namba, kwa mfano f/8, na ya pili hufungua na kufunga tundu kwa mkono. Utaratibu ni kulenga tundu likiwa wazi ili uone vizuri, kisha kufunga kabla ya kupiga. Anayesahau kufunga hupiga kwa f/2 chini ya jua la Kisumu, na picha hupauka kabisa. Kwa AE-1, lenzi ikiwa kwenye A kamera huchagua tundu yenyewe. Ikitolewa hapo, uamuzi ni wako.

Tatu, mita hudanganyika, nayo hudanganyika hasa katika picha tunazozipenda. Mita ya kamera hizi haijui inatazama nini. Huchukua wastani wa mwanga na kudhani mandhari yote ni ya kijivu cha kati. Mweke mtu mbele ya ziwa pale Dunga saa kumi jioni, maji yakiwa yanameremeta nyuma yake, na mita itayasoma maji, ifunge tundu, na uso wa mtu wako ugeuke kivuli kisicho na macho. Vivyo hivyo kwa bibi harusi mwenye gauni jeupe na ngozi nyeusi. Suluhisho ni kumsogelea mpaka uso ujaze kidirisha, usome mita hapo, uweke namba hizo, kisha urudi nyuma na upige bila kuzibadilisha hata mshale ukilalamika. Usipoweza kumsogelea, fungua tundu kwa hatua moja na nusu au mbili zaidi ya mita inavyosema. Naamini hili ndilo somo muhimu kuliko yote kwa anayepiga picha za watu wetu, na nyuso nyingi zilizopotea katika albamu za familia zilipotea kwa kukosa hatua hizo mbili.

Nne, mita yenyewe yaweza kuwa imechoka au imepewa volti isiyo yake. Olympus OM-1 na kamera nyingi za rika lake zilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo haziuzwi tena. Ukitia betri ya kawaida ya volti 1.5 yenye umbo lilelile, mita mara nyingi huona mwanga mwingi kuliko uliopo, na picha hutoka nyeusi. Betri za zinki na hewa zinazotumika katika vifaa vya kusikia hutoa takriban volti 1.4 na hukaribia zaidi, ingawa hazidumu muda mrefu. Linganisha mita yako na programu ya kupimia mwanga kwenye simu, mkiwa mmeelekea ukuta mmoja wenye mwanga sawa. Tofauti ikiwa ileile kila mara, irekebishe kwa gurudumu la ASA. Ikiwa mshale unarukaruka au haujongei kabisa, achana na mita.

Kuachana na mita si msiba. Upo utaratibu wa zamani unaosema kwamba chini ya jua kamili, tundu la f/16 huenda na kasi iliyo karibu na namba ya ASA: filamu ya 200 kwa 1/250, filamu ya 400 kwa 1/500. Mawingu mepesi yakitanda, fungua hadi f/11 au f/8. Kivuli cha mwembe kilicho wazi upande mmoja kinahitaji f/5.6 au f/4. Ndani ya msitu wa Kakamega mwanga ni mdogo zaidi kuliko jicho linavyokiri, na filamu ya 400 ndiyo ya kuanzia. Sisi tunaoishi kandokando ya mstari wa ikweta, unaokatiza Maseno, tuna tatizo la ziada: saa sita jua liko utosini na hutia kivuli cheusi machoni, hata namba zako zikiwa sahihi. Mpeleke mtu kivulini, au ngoja saa kumi.

Nusu ya picha ya flashi ni nyeusi

Kisababishi karibu kila mara ni kasi iliyozidi mpaka wa flashi. Shata za pazia hufunguka zote kwa pamoja mpaka kasi fulani tu. Ukizidisha, pazia la pili huwa limeanza kufunga flashi inapowaka, na sehemu ya picha hubaki gizani. Mpaka ni 1/30 kwa Zenit-E, 1/60 kwa K1000 na AE-1. FM2 za mwanzo zilifika 1/200 na zilizofuata 1/250. Gurudumu la kasi mara nyingi huandika namba hiyo kwa rangi tofauti au kwa alama ya X.

Ikiwa kasi ni sahihi na bado flashi haionekani pichani kabisa, tazama tundu la waya: kamera nyingine zina matundu mawili, X na M au FP. Flashi ya elektroniki huingia X. Lile la pili lilikuwa la balbu za kuungua mara moja.

Hapa kuna onyo lisilo na nafuu. Usifungue flashi, hata ikiwa imekufa na betri zimetolewa. Kapasita ya ndani huhifadhi takriban volti 300 na huweza kukaa nazo baada ya kuzimwa. Pigo lake ni hatari. Flashi inayonuka kuungua, inayovimba au inayotoa mlio usiokoma iweke chini na uiache. Tena flashi za zamani sana hupeleka volti nyingi kwenye kamera yenyewe. K1000 huvumilia, lakini usiziunganishe na kamera ya elektroniki kabla hazijapimwa.

Nusu ya picha ikiwa nyeusi hata bila flashi, hasa katika kasi za juu, mapazia hayaendi pamoja. Tumia 1/125 na chini yake kwa muda, na umpelekee fundi.

Picha zina ukungu

Tenganisha kwanza aina tatu. Ikiwa kila kitu kimevutika upande mmoja, mkono ulitikisika: kwa lenzi ya milimita 50 usishuke chini ya 1/60 bila kuegemea kitu, na kwa ya milimita 135 anza na 1/250. Ikiwa uso una ukungu lakini majani ya nyuma yako wazi, ulengaji ulikosewa. Katika K1000 na AE-1, duara la katikati ya kidirisha ndilo la kufuata, nalo hutofautiana kati ya toleo na toleo: lililogawanyika hupatanishwa mpaka mstari wa shavu uungane, na lenye chembechembe huzungushiwa pete mpaka chembe hizo zitulie. Katika Yashica Electro 35 na Zorki, taswira mbili za rangi hafifu huletwa zikawa moja. Mtu anayevaa miwani na kuivua wakati wa kupiga hukosea hapa mara kwa mara.

Ikiwa picha zote zina utando kama wa moshi, na taa zinatoa mng'ao unaosambaa, tazama lenzi. Ivue, fungua tundu lote, na uipige tochi kwa nyuma. Kuvu huonekana kama nyuzi nyembamba zenye matawi zinazotambaa kutoka ukingoni, nayo huota kwa urahisi hapa kando ya ziwa, hasa masika ya Machi hadi Mei, kamera inapokuwa ndani ya mfuko wake wa ngozi kabatini. Utando wa nje hufutwa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa matone machache ya maji ya kusafishia lenzi, baada ya kupeperusha vumbi. Ulio kati ya vioo si wako. Wenye kamera Nakuru husumbuliwa zaidi na vumbi kuliko kuvu. Pepeta kwa kibonyezo cha mpira, kamwe si kwa mdomo, kwa maana mate hufika. Ihifadhi kamera nje ya mfuko wa ngozi, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na uitoe iote mwanga mara kwa mara.

Mistari na madoa ya mwanga

Mwanga unaovuja huacha mstari wa rangi ya chungwa au nyekundu katika picha za rangi, na mara nyingi huanzia ukingoni. Mshukiwa wa kwanza ni sponji nyeusi iliyo katika mifereji ya mlango wa nyuma na karibu na bawaba. Iguse kwa ncha ya kijiti: ikiwa inanata kama lami na kuacha doa jeusi kidoleni, imeoza. Kuibadilisha unaweza, ikiwa una subira. Legeza masalio kwa kijiti cha meno kilichofungwa pamba yenye spiriti kidogo, ukielekeza uchafu nje, na usiruhusu tone lolote lianguke kwenye pazia. Uzi mweusi wa sufu unatosha katika mfereji mwembamba. Penye bawaba bandika kipande chembamba cha sponji au kitambaa cheusi. Ile sponji inayopokea kioo kinaporuka juu iache, kwa sababu iko jirani na skrini ya kulengea ambayo huchubuka kwa mguso mmoja.

Madoa madogo ya duara yanayorudi mahali palepale katika kila picha huonyesha pazia lililotoboka. Kamera za FED na Zorki hazina kioo mbele ya pazia lao la kitambaa, na lenzi iliyoachwa wazi ikielekea jua hulichoma. Zifunike lenzi zake zisipotumika. Na kwa kuwa tumezitaja, kamera hizo zina sharti jingine: vuta filamu kwanza, ndipo ubadilishe kasi. Anayegeuza gurudumu la kasi kabla ya kukaza huweza kuvuruga mitambo ya ndani.

Picha zinapandana

Kitufe cha kuachia filamu wakati wa kuirudisha kilikwama chini, au mkono haukufika mwisho wa safari. Kagua hayo mawili kwa filamu ya mazoezi, ukiweka alama kwa kalamu na kupima kama kila mvuto unasogeza umbali sawa, takriban milimita 38. Umbali ukibadilika kila mara, meno yamechakaa.

Betri imevuja

Unga mweupe au wa kijani katika chumba cha betri hutoka kwenye betri ya alkali iliyosahauliwa. Vaa glavu, kwangua kwa kijiti cha mbao, futa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha kwa spiriti, na uache ikauke kabisa. Sugua vibanzi vya chuma kwa kifutio cha penseli mpaka ving'ae. Ikiwa waya imekuwa ya kijani hadi inakozama ndani ya kamera, kutu imepanda, na kuifuata ni kufungua kamera nzima. Betri ya zebaki ya zamani ukiikuta, usiichome na usiitupe na takataka za nyumbani. Itie katika chupa yenye kizibo, mbali na watoto.

Unapoipeleka kwa fundi

Mwambie dalili, si hukumu yako. "Shata imekufa" haimsaidii. "Kwa 1/500 upande wa kulia wa picha huwa mweusi, kwa 1/125 ni sawa" humpunguzia nusu ya kazi. Mpe pia negativu yenye kosa, umweleze kama filamu ingali ndani, na umtajie chochote ulichokwisha kufungua au kupaka. Uliza kama amewahi kufungua kamera ya kioo ya aina hiyo, kwa maana fundi hodari wa redio au wa saa si lazima awe amewahi, na mwungwana atakuambia. Toa betri na uvue lenzi, uifunike mbele na nyuma. Na usiikaze shata kabla ya kuifunga kwenye boksi la kuisafirisha kwa matatu. Springi zake zisafiri zikiwa zimelegea.